Siku tano za skii Colorado, mimi na shemeji

Jumatano, 19 Machi 2025. Aurora, jirani na Denver

Shemeji ametua Denver jana usiku akitokea Columbus, Ohio, na begi moja na koti la ngozi. Nikamwambia tunakwenda mlimani kwenye theluji, siyo kwenye sendofu. Akanijibu kwamba koti hilo limemvusha miaka sita ya baridi ya Ohio, hiyo Colorado ina nini cha zaidi. Ni kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Muheza, dereva wa lori, na kuhusu skii, huko kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili miguuni, ana msimamo mmoja tu: ni mchezo wa watu wanaolipa wapandishwe juu ili washuke warudi walipokuwa.

Hajakosea sana.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango wa uani. Binti yangu alipofika darasa la tano alirudi na karatasi ya pasi ya watoto ya kuskii, ile ambayo chama cha vituo vya skii vya Colorado huwapa wanafunzi kwa bei ya kutupa. Msimu wa kwanza nilikuwa dereva wake tu, nashinda kwenye gari na chupa ya chai. Msimu wa pili nikachoka kushinda garini, nikakodi mbao na buti. Nimekulia Marangu. Theluji ya Kibo naijua kwa macho tangu utotoni, kila mawingu yanapofunguka, na mjomba wangu alikuwa mpagazi aliyebeba mahema ya watalii mpaka magoti yakamwisha. Lakini kuishika theluji kwa mkono nimeishika nikiwa na miaka 41, kwenye maegesho ya magari.

Leo nimeshinda nikimtafutia shemeji tiketi, na huko ndiko kisa chote kilikolala. Kwa asiyeijua biashara hii: mlimani unalipia lifti. Theluji ni ya Mungu, na ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali kuu ya Marekani, maana vituo vingi vya Colorado vimo ndani ya misitu ya taifa. Kampuni inapewa kibali, ambacho kinaweza kufika miaka 40, nayo inailipa serikali ada inayoanzia asilimia 1.5 hadi 4 ya mapato yake ya pale. Unachouziwa wewe ni kiti cha kukupandisha. Kiti hicho kina bei mbili. Ukinunua pasi ya msimu mzima mapema, theluji haijaanguka hata punje, utapanda mpaka uchoke. Ukijifanya mtu wa kuamka siku hiyo ukaenda dirishani, utakamuliwa. Kule Vail, kituo kikubwa cha kampuni ya Vail Resorts, tiketi ya siku moja ya mtu mzima msimu huu imefika dola 329 siku za msongamano. Pasi ya Epic ya msimu ujao, inayofungua milango ya vituo vya kampuni hiyo kwa msimu mzima, imewekwa sokoni kwa dola 1,051. Siku nne za dirishani zinaimeza pasi nzima na chenji haibaki.

Mchezo huo ulianza 2008, Vail Resorts ilipoleta Epic kwa dola 579. Watu waliipokea kwa vifijo. Mwaka 2017 wenye fedha wengine wakaunganisha vituo vyao wakaunda Alterra, na msimu uliofuata wakatoa pasi ya kwao, Ikon. Tangu hapo mtu wa skii Marekani huulizwa swali moja, kama vile Dar unavyoulizwa Simba au Yanga.

Nina pasi ya mmoja wa hao wawili. Sitasema ni ya nani, na kituo tunachokwenda kesho sitakitaja, kwa sababu nakijua na ninajua nitakachokiandika.

Tiketi za rafiki zinazokuja na pasi nilizimaliza Januari kwa vijana wa kwaya. Nikaingia kwenye simu: ya mtu mzima, Alhamisi, dola 251.

"Kuna chakula?" shemeji akauliza.

"Hakuna."

"Kitanda?"

"Hakuna."

"Shemeji, kwa hela hiyo Muheza nanunua mbuzi wanne."

Nikalipa mimi. Mgeni ni mgeni.

Alhamisi, 20 Machi. Kituo nisichokitaja, kisha Leadville

Mimi, shemeji na binti tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu tumekwama chini ya Idaho Springs, taa nyekundu za magari zimepanga mlolongo hadi kwenye kona. Barabara ya I-70 ndiyo koo la milima yote hii. Denver na vitongoji vyake vyote humezwa na barabara moja, na mbele kuna handaki la Eisenhower, lililoko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Shemeji, ambaye foleni ni kazi yake, ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko sote. Alilala.

Maegesho, dola 20, ya kuweka nafasi mapema kwa simu. Kutoka hapo basi. Kutoka kwenye basi ngazi. Kwenye ngazi ndipo shemeji alipokutana na buti za skii. Buti hii ni plastiki ngumu kama ndoo, ina vifungo vinne vya chuma, na kifundo cha mguu hakipindi hata kidogo. Ukitembea unakanyaga kwa kisigino kwanza, kisha unalitupa goti mbele. Alishuka ngazi zile ubavu ubavu, mkono mmoja kwenye reli, mwingine umeshika mbao zisizotaka kukaa pamoja. Binti akamwonyesha namna ya kuzigeuza matumbo ziumane. Akaziumanisha, zikaachana, moja ikamwangukia kidole. "Hata lori halina tabia hii," akasema.

Saa tatu na nusu tulikuwa mlimani. Hapo nikafanya kosa la kumwuliza dada wa dirishani kama kuna tiketi ya eneo la wanaoanza tu, maana shemeji hangepanda lifti yoyote leo. Hakuna. Tiketi ni moja, ya mlima wote. Kwa hiyo shemeji alilipiwa dola 251 akashinda kwenye mkanda wa mpira wa mita kama 50, unaofanana kabisa na ule wa mizigo uwanja wa ndege. Unasimama, unapandishwa, unashuka. Binti alikaa naye saa nzima kumfundisha mambo mawili ambayo kila mtoto hapa anayajua: pizza, yaani ncha za mbao zikutane mbele ili ufunge breki, na chipsi, yaani mbao zinyooke ukitaka kwenda. Watoto wa miaka minne walimpita wakiwa wamefungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa mnadani, mama zao wameshika nyuma.

Nikawaacha, nikaenda kwenye lifti kubwa. Dakika 45 kwa saa yangu. Hakukuwa na upepo, jua linawaka, theluji nzuri, na lifti mbili za juu zimefungwa. Ubaoni imeandikwa tu "imefungwa", lakini kijana wa getini aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wa kuziendesha hawapo. Mlima umekaa pale juu, mweupe, hauna hata mchirizi mmoja wa mbao, nasi chini maelfu tumebanana mbele ya mashine inayosoma pasi mfukoni na kulia ti, ti, ti.

Foleni ya namna hiyo ina lugha yake. Mbele yangu mtu na mkewe wakahesabu wangeweza kuwa wamekwenda wapi kwa pesa ileile. Nyuma vijana walikuwa wakiwataja wanahisa kwa majina ambayo siwezi kuyaandika, maana mama mkwe wangu anasoma. Nilipofika kwenye kiti nikaketi na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, koti lake limezibwa mabegani kwa utepe wa gundi wa rangi ya fedha. Ukimwona mtu wa koti la namna hiyo, ujue ni mkongwe. Lifti ilisimama katikati, tukaning'inia, naye akanipa kisa cha Park City.

Huko Utah, mlima wa Park City uliendeshwa na kampuni inayoitwa POWDR. Majengo ya chini ya mlima, maegesho, vyote vyake. Sehemu ya juu, yaani mlima wenyewe, ilikuwa imeipanga kwa kodi ya zamani, dola 155,000 kwa mwaka. Kwa mlima! Fremu ya duka katikati ya mji mkubwa inaweza kukugharimu hivyo. Mwaka 2011 mkataba ulitakiwa kuongezwa kwa barua, na barua ikachelewa siku chache. Basi. Mwenye ardhi akasema muda umepita, akaenda kukubaliana na Vail Resorts. Wakaburuzana mahakamani, na mwaka 2014 POWDR ikasalimu amri, ikauza ilichobaki nacho kwa dola milioni 182.5. Mzee alikuwa akiskii pale. Alilisimulia kama mtu anayesimulia nyumba ya baba yake ilivyouzwa na mjomba mlevi.

Nikamkumbusha ya juzijuzi. Tarehe 27 Desemba mwaka jana, wiki ile ambayo kila mtu yuko likizo, waokoaji wa mlimani pale pale Park City, watu kama 200, waligoma. Hawa ndio wanaokushusha na machela ukivunjika mguu, na alfajiri, wewe ukiwa bado umelala, wanapanda na baruti kuziporomosha theluji zinazotaka kuporomoka zenyewe. Walikuwa wakianza kwa dola 21 kwa saa, walitaka 23. Sehemu kubwa ya mlima ikafungwa, foleni zikawa za kihistoria, na waliolipa maelfu ya dola kuja kula sikukuu wakaanza kuimba humohumo kwenye foleni, kampuni iwalipe wafanyakazi wake. Mgomo ukaisha tarehe 8 Januari na 23 wakapata. Mzee akasema, na hapa nakubaliana naye, kwamba hajawahi kuona wateja wa hoteli ya bei ile wakiwa upande wa mfagizi.

Chakula cha mchana: bakuli la maharage na nyama, chipsi, soda, dola 34. Naandika tu.

Lakini lazima niseme na hili, kabla sijalala. Kila mmoja kwenye foleni ile ya leo alikuwa na pasi mfukoni, na kila mmoja alikuwa akilalamika kwamba pasi zimewajaza watu. Mimi pia. Kama bei ya pasi isingeteremka, mtoto wa Marangu anayefanya zamu za usiku hospitalini asingekuwa anajua hata rangi ya lifti. Waliokuwa wakiskii zamani bila foleni walikuwa wachache kwa sababu wengine hatukuwa na uwezo. Nilipomwambia mzee hivyo, alikaa kimya kidogo, akasema, "Ndiyo, lakini rafiki yako pale chini amelipa mia mbili na hamsini kukaa kwenye mkanda." Nikakosa la kujibu. Aliyefunguliwa mlango ni mimi, mwenye kujua mwezi wa Aprili kwamba Februari atataka kuskii. Anayetaka kujaribu mara moja tu, ndiye anayelipia sherehe.

Jioni tumevuka hadi Leadville kwa ndugu mmoja Mkongo, wa Bukavu, tuliyejuana kanisani Aurora kabla hajahamia huku. Anafanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, upande wa pili wa mlima. Anaishi kwenye trela na wenzake wawili, na kwa sababu ya ugeni wetu wamejibana chumba kimoja. Leadville ni mji wa mita 3,100 hivi. Shemeji kichwa kinamwanga, amekunywa maji lita mbili, amelala na koti lake la ngozi.

Ijumaa, 21 Machi. Loveland

Mwenyeji wetu ameondoka na basi la umma kabla hatujaamka. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, kwa sababu kule kwenye hoteli hakuna chumba ambacho mshahara wake unaweza kukigusa. Jana usiku nilimwuliza kama analaumu kampuni. Akatabasamu. "Njo vile, yaya," akasema, yaani ndivyo ilivyo, kaka, kisha akanipa habari iliyonikatia ukali wangu wote. Huko mjini Vail, kampuni ya Vail Resorts ilikuwa na kiwanja na mpango wa kujengea wafanyakazi nyumba. Mwaka 2022 baraza la mji likapiga kura kukitwaa kiwanja kile, sababu kubwa ikiwa kondoo wa mwituni wenye pembe zilizojikunja wanaoshuka pale kula majira ya baridi. Wenye majumba ya mamilioni wakawaonea huruma kondoo. Mimi kondoo nawapenda, nisije nikaeleweka vibaya.

Loveland iko upande wa Denver wa lile handaki. Ukiwa barabarani unaona lifti zake zikipita juu ya mdomo wa handaki lenyewe. Imekuwepo tangu 1937, haimo kwenye mikono ya hao wawili, na kuegesha ni bure. Unafungua mlango wa gari na theluji iko pale. Shemeji aliniangalia kama niliyemwibia jana. "Kumbe inawezekana?"

Pasi yangu haina kazi hapa, tukalipa tiketi sote watatu, na bado kwa mtu mmoja ilikuwa nafuu kuliko ya jana kwa mbali. Wanaoanza wana bonde lao lililojitenga, kwa hiyo shemeji hakugongwa na mtu. Kufika saa tano alikuwa ameshuka mita 20 bila kuanguka, peke yake, pizza yake imefunguka kama mlango wa gereji, mikono mbele, ulimi nje. Alipofika chini hakujua namna ya kusimama, akapiga uzio wa nailoni taratibu na kuukumbatia.

Mimi na binti tulikwenda juu kabisa na Lifti namba 9, hadi mita 3,871 hivi. Kibanda cha Horombo, ambako mjomba wangu alikuwa akilala njiani na mizigo ya watu kichwani, kiko mita 3,720. Kwa hiyo nimempita mjomba nikiwa nimekaa kwenye kiti. Upepo pale unakata mashavu, huoni mtu anayejipiga picha. Unashuka haraka au unaganda.

Kule juu unaona barabara inayopanda kwa vikona kwenda A-Basin, yaani kituo cha Arapahoe Basin, upande wa pili. A-Basin ni hadithi yenyewe. Vail ilipoununua pamoja na Breckenridge na Keystone mwaka 1997, idara ya sheria ya Marekani ilisema hapana, mtakuwa mmeshika soko lote la watu wa Denver, achieni huo mdogo. Wakauachia. Miaka ikapita, A-Basin ikawa inauzwa kwenye pasi ya Epic kwa makubaliano, mpaka maegesho yakafurika, wenyewe wakaamua kujitoa mwaka 2019. Watu wa skii wakashangilia: mlima umechagua wateja wachache kuliko pesa nyingi! Mwaka jana umenunuliwa na Alterra.

Jumamosi, 22 Machi. Ski Cooper

Kutoka Leadville ni mwendo mfupi hadi kilele cha barabara ya Tennessee Pass, na kabla ya kuingia kituoni kuna mnara wa mawe mekundu. Tumesimama. Ni majina ya wanajeshi wa Divisheni ya 10 ya Milimani, karibu elfu moja, waliokufa Vita vya Pili. Jeshi lilijenga kambi ya Camp Hale bondeni huko chini mwaka 1942, likawafundisha vijana kupigana juu ya mbao za skii, na kilima cha Cooper kilikuwa uwanja wao wa mazoezi. Kisha wakapelekwa Italia. Waliorudi walikuwa hawajui kazi nyingine wanayoipenda hivi. Mmoja, Pete Seibert, aliyerudi na goti lililoharibika kwa mabomu, ndiye aliyeshirikiana na wenzake kuifungua Vail Desemba 1962. Kwa maneno mengine, kampuni ile iliyoorodheshwa Soko la Hisa la New York mwaka 1997 kwa alama ya MTN ilianza na majeruhi aliyekuwa anatafuta mlima mzuri. Shemeji alisoma majina kwa kidole mpaka kidole kikaganda.

Ski Cooper ni mali ya kaunti. Ya Lake County, yaani kwa kiasi fulani ya huyu ndugu yetu anayefua mashuka. Leo alikuwa na siku yake ya mapumziko, akaja nasi. Anaskii kwa suruali ya jinzi, vizuri kuliko mimi. Hawana mashine za kutengeneza theluji. Kilichodondoka ndicho kilichopo, na Machi hii mapaja ya mlima yanayopigwa na jua yameanza kuonyesha majani ya mwaka jana. Kule kwenye kituo kikubwa cha Alhamisi hutaona jani: mizinga ya theluji imekesha usiku wote tangu Novemba, na bili ya umeme na maji ya kazi hiyo haiwezi kulipwa na kaunti ya wachimba madini kama hii.

Leo shemeji kapanda lifti ya viti kwa mara ya kwanza. Kupanda si tatizo, kiti kinakukata nyuma ya magoti unakaa. Tatizo ni kushuka. Juu unatakiwa kusimama kiti kikiwa kinaendelea, uteleze, upishe. Yeye alisimama, akanishika mimi, mimi nikamshika binti, binti akatukwepa. Tukalala wanaume wawili chini ya viti vinavyokuja. Mama wa kwenye kibanda alibonyeza kitufe, lifti ikasimama, watu wote nyuma yetu wakabaki wananing'inia hewani. Nilijiandaa kutukanwa. Akatoka na koleo mkononi, akamwinua shemeji kwa kwapa, akamkung'uta theluji mgongoni kama mtoto wa chekechea, akamwuliza jina. Tuliporudi mara ya pili alipunguza mwendo wa lifti kabla hatujafika na kumwita kwa jina lake. Mara ya tano shemeji alishuka mwenyewe, na mama akapiga makofi akiwa kavaa glavu nene, puf puf.

Mchana tumekula nyuma ya gari, chapati na maharage ya nazi kutoka kwenye chupa ya moto. Majirani wa maegesho wakatuletea soseji. Shemeji akawaeleza kwa Kiingereza chake cha barabarani kuhusu dola 251 na mkanda wa mpira, nao wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia. Wakamwambia hata vilima vya kwao Ohio vimekwisha kununuliwa. Akabisha. Nikamwambia ni kweli: 2019 Vail Resorts ilinunua Peak Resorts, vituo 17 kwa mkupuo, vinne vya Ohio, pamoja na Mad River Mountain karibu na Bellefontaine.

"Kile kilima chenye taa? Ninachokipita usiku?"

Kilekile.

"Kile si mlima. Kile ni tuta. Wanakitakia nini?"

Nikamwambia hakitakiwi kwa theluji yake. Kinatakiwa kwa sababu karibu yake kuna Columbus, na mtoto wa Columbus akijifunzia pale kwa pasi ya kampuni, likizo yake kubwa ataitumia Colorado kwa pasi ileile, hoteli ya kampuni, buti za kukodi za kampuni. Alinyamaza. Dereva wa lori anaijua biashara ya kituo kidogo cha mafuta kinachokuelekeza kwenye hoteli ya tajiri yuleyule.

Ningependa kuishia hapo, Cooper imeshinda. Lakini saa nane binti alikuja amekunja uso. "Baba, nimeshuka njia zote mara mbili. Ni fupi." Ana miaka 14, miguu ya chemchemi, na anachotaka ni ule mlima mkubwa wenye lifti za kasi na foleni ndani yake. Nikamnunulia chokoleti ya moto. Hakusahau.

Jumapili, 23 Machi. I-70, kurudi

Hatukuskii. Ibada ya Kiswahili tuliisikiliza kwa simu hadi mtandao ulipokata juu ya Fremont Pass. Mwenyeji wetu ametupa mfuko wa viazi na kukataa pesa ya mafuta, tukaificha chini ya sahani.

Tumeingia I-70 saa saba mchana tukidhani tumewahi. Kila mtu wa Denver alidhani hivyo. Kabla ya handaki mwendo ukawa wa kutambaa. Simu yangu ikalia: ujumbe wa kampuni ya pasi yangu, unanikumbusha kwamba bei ya sasa ya msimu ujao ina siku ya mwisho na kwamba naweza kuanza kwa kulipa kidogo tu leo. Nikaizima skrini, nikaiweka kwenye kishikio cha kikombe. Binti amevaa visikilizio, macho dirishani. Shemeji, koti lake la ngozi limepata michirizi ya chumvi na rangi ya uzio, alikuwa anatazama mbele muda mrefu.

"Shemeji."

"Naam."

"Hiyo bei. Mwisho wake lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kitu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Na kile kituta cha Ohio kimo?"

Gari la mbele likasogea, nami nikasogea.